Malalamiko Kuhusu Kamba wa Kigiriki Walioingia Jikoni Kwangu Lodwar

Namuria Epuyo,
Hoteli ya Subira,
Nyuma ya soko, Lodwar.

Jumatatu, baada ya kuosha vyombo.

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Mapishi,
Gazeti la Jumapili,
Nairobi.

KUH: KUREJESHEWA AMANI YA NYUMBA YANGU

Mheshimiwa Mhariri,

Ejok. Ungekuwa hapa ungejibu ejok nooi, tungepeana mikono, tungeulizana habari za mvua, na baada ya hapo ndipo mtu mwenye adabu huanza kulalamika. Kwa kuwa uko Nairobi na mvua mnayo ya kutosha, nitaingia moja kwa moja kwenye shauri langu.

Mimi nina hoteli ndogo hapa Lodwar. Kwetu hoteli ni mahali pa kula. Hakuna anayelala humo isipokuwa mteja aliyeshiba kupita kiasi. Napika mbuzi wa mchuzi, maharagwe, ugali na chapati, na asubuhi mandazi. Nilisoma mpaka kidato cha pili, na somo nililolishika sawasawa ni Kiswahili, ndiyo sababu kanisani mimi ndiye husoma matangazo. Nayasema haya usije ukadhani barua hii imetoka kwa mtu asiyejua analolalamikia.

Ninalolalamikia ni ule ukurasa wenu wenye kichwa "Kamba wa Kigiriki: Kiamsha Hamu cha Dakika Ishirini, na Divai ya Kuandamana Nacho." Ukurasa huo umeniharibia ndoa.

Ili uelewe ukubwa wa hasara, lazima kwanza nikueleze nilichokuwa nacho. Mume wangu, Epuyo, alikuwa afisa wa mifugo kwa miaka thelathini na mmoja. Alichanja mbuzi kuanzia Kaikor mpaka mpaka wa Uganda. Alistaafu baada ya ule ukame mrefu, ambao katika miezi yake ya mwisho kazi ya Epuyo haikuwa tena kuchanja bali kuandika idadi ya mizoga. Akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo akawa mume ambaye kila mwanamke angemwomba Mungu ampe. Hakuuliza nimetoka wapi. Hakusema chumvi imezidi. Aliamka, akakaa kando ya mlango wa jikoni, akatazama ukuta wa jirani mpaka jua likauacha. Ukimpa chai, anakunywa. Usipompa, hanywi. Simu ikilia, anaitazama kama kitu cha mtu mwingine. Wateja wageni walidhani ni mwenzao aliyesahau kuagiza.

Wanawake wa kwaya waliniambia, "Namuria, mzee wako anaumwa." Niliwajibu kwamba wanaonea wivu nyumba yenye utulivu. Miezi kumi na minne, Mhariri, nilikuwa na mume asiyenisumbua kwa neno zaidi ya "ndiyo" na "bado." Ni nani kati yenu huko Nairobi anayeweza kujivunia hivyo?

Kisha mkaja ninyi. Mimi hununua magazeti ya zamani kwa ajili ya kufungia mandazi. Hivyo ndivyo ukurasa wenu ulivyofika kwangu, ukiwa umechelewa wiki tatu na una tone la mafuta juu ya jina la mwandishi. Epuyo aliuokota. Aliusoma upande mmoja, akageuza, akarudia. Halafu yakafuata mambo haya, ambayo nimeyapa nambari ili msiseme hamkuyaona.

1. KUHUSU LUGHA. Siku hiyo nilikuwa nakanda unga. Epuyo akainua kichwa akauliza, "Namuria, kamba iko?"

Nilishtuka hata nikaacha unga. Lakini mke mwema hutii. Nilikwenda nyuma, nikafungua kamba niliyofungia mbuzi, nikamletea. Akaitazama, akanitazama mimi, akasema, "Si hii. Ile ya kuliwa."

Kwetu huku, Mhariri, kamba inafunga mbuzi, inateka maji kisimani, na vijana wanapodanganya tunasema wanapiga kamba. Kuliwa, haijaliwa. Nilimnyang'anya gazeti nisome mwenyewe. Nikakuta mmeandika "kamba wakubwa," "waoshe kamba," "kamba wakishaiva huwa wekundu." Nikadhani mpiga chapa amekosea ngeli, maana tangu lini kamba ikahesabiwa pamoja na watu? Mpaka nilipoona picha. Ni wadudu, Mhariri. Wana ndevu. Mngeweka picha hiyo juu kabisa, mbuzi wangu asingepotea nusu siku akila maboga ya jirani.

2. KUHUSU MAHALI PA KUWAPATA. Ukurasa wenu unasema, kwa maneno yenu wenyewe: "Mwombe muuza samaki wako akuchagulie kamba waliovuliwa asubuhi hiyo hiyo." Nashukuru kwa kunikumbusha kwamba nina muuza samaki wangu. Anaketi chini ya mwavuli uliovunjika, anauza samaki wa ziwani waliokaushwa mpaka ukiwagonga wanalia kama mlango. Nilimwendea, nikamsomea sentensi yenu. Alicheka hadi akahitaji maji.

Nilifikiri jambo limekwisha hapo. Lakini Epuyo, ambaye alikuwa hapokei simu hata ya dada yake, alichukua simu akaanza kupiga. Alipiga Kitale. Alipiga Eldoret. Mwisho akampata Adhieu, mama wa Sudan Kusini anayeuza samaki wa barafu kule kambini Kakuma, ambaye huagizwa vitu vya ajabu na wageni wa mashirika. Adhieu alisema kamba wapo njiani, watafika Alhamisi. Alhamisi Epuyo alivaa viatu. Nakwambia alivaa viatu, akapanda lori, akaenda Kakuma, na jioni akarudi amepakata kisanduku cha barafu kama mtu aliyetoka hospitali na mtoto mchanga.

Adhieu alikuja naye. Alisema hakuweza kumwacha aje peke yake na bidhaa ile.

"Mama," akaniambia, "huyu mzee yako iko na maswali mingi kuliko polisi. Amenipigia simu mara tisa. Anataka kujua kamba ilikufa siku gani, na nani aliona ikikufa."

Na kweli, Mhariri, aliwakagua mmoja mmoja. Aliwanusa. Aliwafinya. Alivaa miwani yake ya kazi, ambayo ilikuwa sandukuni tangu astaafu, akatangaza mbele ya wateja wangu kwamba hawa hawana ugonjwa wowote anaoujua. Wateja wawili walihama meza.

3. Lalamiko la tatu lilimhusu Adhieu na mahali alipolala. Nimelifuta. Alilala chumbani kwa binti yangu aliyeolewa, na ni mgeni mzuri kuliko wengi. Nambari naiacha kwa sababu nimeshaandika kwa wino.

4. KUHUSU JIBINI. Mmeandika "jibini nyeupe ya Kigiriki ya maziwa ya mbuzi au kondoo, inapatikana madukani." Maduka gani? Mngeandika tu kwamba inapatikana mwezini, tungejua tutafute ngazi.

Epuyo aliposoma neno mbuzi alitabasamu. Sikuwa nimeyaona meno yake tangu ukame. Akasema kama Wagiriki wanatengeneza kwa maziwa ya mbuzi, basi Wagiriki ni watu wa kawaida tu kama sisi. Akakamua. Akapasha maziwa moto, akakamulia ndimu, yakakatika. Yakahitaji kuchujwa, na hapo ndipo uhalifu ulipotendeka. Alichujia katika kitambaa changu cha kichwa cha kwaya, kile cha Pasaka, cheupe chenye msalaba wa buluu. Nilikikuta kimening'inia kwenye mti nyuma ya jikoni kikidondosha maji, na mume wangu amesimama chini yake akikisubiri. Nilipiga kelele. Akaniwekea kidole mdomoni akasema, "Taratibu. Inajikaza."

Ilijikaza, sikatai. Aliitia chumvi ikakaa siku mbili, na ikawa na ladha ambayo mtu asiyekuwa na kinyongo angeweza kuiita nzuri. Lakini ninyi mkaongeza: "Kabla ya kutumia, iache kwenye joto la kawaida la chumba kwa nusu saa." Joto la kawaida la chumba cha nani? Mmewahi kukaa chumbani Lodwar saa nane mchana? Jibini ya kwanza tuliyoiacha kwenye joto la kawaida la chumba iliondoka mezani yenyewe, ikashuka kwa mguu wa meza, tukaikuta sakafuni na paka. Ilibidi mbuzi akamuliwe tena.

5. KUHUSU DIVAI, AMBAPO MMEVUKA MPAKA. Mmeandika kwamba chakula hiki "huoanishwa na divai nyeupe kavu, iliyopozwa."

Naanza na kavu. Mimi naishi Turkana. Nimeona mto mkavu, kisima kikavu, ngozi kavu, na katekista aliyehubiri kikavu saa mbili. Kitu kinachomiminwa kwenye glasi hakiwezi kuwa kikavu. Nyeupe pia si kweli. Nyeupe ni maziwa. Divai hii nimeiona kwa macho yangu, na kwa heshima yako sitakuambia inafanana na nini, ila mtu yeyote aliyewahi kutembea nyuma ya ngamia anajua.

Sasa kuoanisha. Mimi na Epuyo tulipotaka kuoana, wazee walikaa mara nne, mifugo ikatembea kutoka boma hadi boma, na Padre akatufundisha miezi sita. Ninyi mmeoanisha divai na kamba kwa aya mbili, bila kuuliza upande wowote, na hawa wawili hawajawahi hata kuonana: mmoja katoka baharini, mwingine shambani. Hata mimi nisiyejua Ugiriki naona hapo haraka.

Epuyo alimwendea Padre wetu amwombe divai kidogo ya misa. Nilitarajia Padre amkemee. Padre alivuta kiti.

"Hii yangu haifai, Epuyo," akamwambia. "Ni tamu. Kamba ana utamu wake, nyanya ina uchachu, jibini ina chumvi. Ukileta divai tamu watagombana mezani. Unataka isiyo na sukari, yenye ukali kidogo, ifanye kazi ya ndimu juu ya samaki. Ndiyo maana yake kavu. Haina utamu."

Kumbe kavu ni kukosa utamu! Kwa maana hiyo, Mhariri, hata barua hii ni kavu.

Kisha Padre akakiri kwamba anayo chupa moja ya aina hiyo, zawadi ya mgeni, imekaa kabatini ikisubiri sababu. Akasema ataileta mwenyewe, mradi aalikwe. Hivyo kwa ukurasa wenu mmoja mmewashawishi mume wangu, mfanyabiashara wa Kakuma na kasisi. Chupa ilipoletwa, soda zangu zote zilitolewa kwenye friji ili bibi arusi apozwe peke yake. Nilionja kwa ajili ya ushahidi tu. Nilionja mara tatu, kwa kuwa Maandiko yanataka mashahidi wawili au watatu.

6. KUHUSU NENO "KIAMSHA HAMU." Hili ndilo lalamiko kubwa, nakuomba ulisome umekaa.

Kiamsha kinywa tunakijua. Kinywa hulala usiku, asubuhi unakiamsha. Lakini mmeandika kwamba kamba hawa huliwa kabla ya chakula, wachache wachache, ili kuamsha hamu ya kula. Mhariri, ni nani aliyewaambia kwamba hamu yetu imelala? Huku watu wamesimama kwenye foleni ya mahindi tangu alfajiri wakiwa na hamu iliyo macho, imeoga na imevaa. Kumpa mtu wa Lodwar kitu kidogo ili aanze kusikia njaa ni kama kumpigia tarumbeta mtu anayekimbia. Niliposoma hivyo nilisema moyoni: mwandishi huyu hajawahi kukosa chakula, namwombea aendelee hivyo hivyo, ila asituandikie.

Basi Jumamosi nikiwa sokoni nilikutana na Lokuruka. Huyu ni kaka yake Epuyo, mfugaji kutoka Namoruputh. Hawa ndugu wawili hawakuwa wamekaa pamoja miaka mitatu. Wakati wa ukame Lokuruka alitaka kuuza mbuzi wake wakiwa bado wanatembea. Akamuuliza mdogo wake, msomi, afisa wa serikali. Epuyo akamwambia asubiri, ripoti zinasema mvua itanyesha mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi ulikuja bila mvua. Wa kumi na moja hivyo hivyo. Mbuzi wakaisha wote. Lokuruka hakusema neno baya, wala Epuyo hakwenda kumwona. Kila Lokuruka alipokuja Lodwar alipita njia ya mbali ili asitupite.

Nilimwambia, "Ndugu yako anapika."

Akasimama. "Anapika nini?"

Kiturkana hakina neno lake, nikasema kwa Kiswahili: "Kamba."

Mhariri, mtu akisikia ndugu yake anapika kamba, haulizi mara ya pili. Aliacha sukari yake kwenye mizani akaniambia kesho atakuja.

Jumapili baada ya misa tukakaa: Padre na chupa yake, Adhieu, Lokuruka na kigoda chake, nami. Epuyo alikuwa jikoni kwangu, na aproni yangu, na kisu changu. Alikaanga vitunguu na vitunguu saumu kwa mafuta ya zeituni ambayo Adhieu alileta kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Akatia nyanya, zikaiva polepole zikawa nzito. Akamwaga divai kidogo, ikachemka ikatoa harufu iliyowaleta majirani mlangoni. Akawapanga kamba juu, akavunjavunja jibini, akafunika sufuria, na kwa kuwa oveni mliyoitaja hatuna, akaweka makaa juu ya mfuniko. Alipofunua, kamba walikuwa wekundu, jibini imelegea pembeni, na juu akanyunyiza dhania na ndimu.

Lokuruka aliinama akatazama. "Hii ni nzige ya maji," akasema. "Epuyo, mwaka ule nzige walipokuja tuliwafukuza kwa kupiga mabati. Wewe unawaleta kwa barafu?"

Padre akacheka. Epuyo hakucheka. Alimpakulia kaka yake kwanza, kama inavyopasa, kisha akabaki amesimama na mwiko mkononi. Alitazama sufuria, hakumtazama mtu.

"Lokuruka," akasema, "nilikuambia usiuze."

Lokuruka alikuwa ameshatia kamba mmoja mdomoni, mzima, na ganda lake. Akaendelea kutafuna. Ilisikika meza nzima kama mtu anayetembea juu ya changarawe.

"Nilikuambia mvua inakuja. Nilikuwa na karatasi. Karatasi ilisema hivyo, nami nikaiamini kuliko macho yako. Mbuzi wako walikufa kwa neno langu."

Adhieu aliweka chapati chini. Mimi nilitamani sakafu inimeze, maana mchuzi ulikuwa unashika chini ya sufuria na hakuna aliyekuwa na adabu ya kuukoroga, ila sikuthubutu kunyanyuka.

Lokuruka akatoa mkia mdomoni, akautazama, akauweka pembeni ya sahani.

"Mbuzi walikuwa wangu," akasema. "Wewe ulisema, mimi ndiye niliyeamua. Usininyang'anye na hilo pia."

Epuyo aligeuza mwiko mkononi.

"Miaka mitatu nilikungoja," Lokuruka akaendelea. "Sikutaka dawa. Sikutaka msaada. Walipokuwa wanakufa nilitaka uje ukae. Ukae tu."

Epuyo akavuta kigoda akakaa karibu naye, mabega yakigusana, bado ameshika mwiko, na mchuzi ukimdondokea gotini. Padre alitazama ndani ya glasi yake kwa muda mrefu kana kwamba kuna maandishi. Adhieu alijifuta macho akasema ni vitunguu, na vitunguu vilikuwa vimeiva saa nzima iliyopita. Mimi nilikwenda kukoroga. Mtu lazima akoroge.

Baada ya muda Lokuruka alisukuma sahani mbele. "Hawa nzige wako," akasema, "wamebaki?"

Wakala wote wakaisha. Wakafuta mchuzi kwa chapati zangu za kuuza, zote. Divai nayo ikaisha, na ingawa inaniuma kuandika, nilielewa kwa nini Padre alisema ifanye kazi ya ndimu: ukimeza tonge lenye jibini na kunywa kidogo, mdomo unakuwa kama umeoshwa, unataka tonge jingine. Saa kumi nilipika ugali na mbuzi kwa sababu walikuwa na njaa kuliko walipofika. Kwa hiyo nakiri kwamba hamu iliamka. Lakini je, mliwahi kuandika mahali popote kwamba kinaweza kuamsha na mengine? Dawa ya minyoo ya mbuzi ina karatasi ndani ya boksi inayoeleza madhara yake. Ninyi mlieleza gramu za vitunguu saumu tu.

7. KUHUSU KELELE. Tangu Jumapili ile nyumba yangu haikaliki. Epuyo anaongea kuanzia asubuhi. Anaimba, na hana sauti, hakuwa nayo hata ujanani. Ananionjea mchuzi niliopika miaka ishirini akaniambia, "Ungetia ndimu mwishoni." Nimetia ndimu. Wateja wameusifu, jambo ambalo ni tusi kwangu. Ananiuliza nimetoka wapi, nimeongea na nani, wamesemaje. Anamweleza dereva wa lori aliyekuja kula maharagwe kwamba maharagwe haya yangefaa divai nyekundu. Simu yake hailali: Adhieu anampigia kumwambia ngisi ni nini, Lokuruka anampigia kumweleza habari za mbuzi sita aliopata kuanzia nao upya, jinsi kila mmoja alivyoamka. Juzi usingizini alicheka. Mwanamke wa umri wangu anahitaji utulivu, Mhariri, nami nilikuwa nao.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Kwanza, mfunge ukurasa wa mapishi mara moja, au angalau muuhamishie habari za siasa, ambazo hakuna anayezisoma mpaka mwisho. Pili, ikiwa mtaendelea, kila pishi liwe na onyo lisomekalo kwa mbali: Weka mbali na wastaafu. Tatu, mchapishe sahihisho kwamba kamba ni ya kufungia mbuzi. Nne, mniletee kitambaa kingine cha kwaya, kwani changu sasa kinanuka Ugiriki na wenzangu wa sauti ya pili wanasogea mbali nami wakati wa Utukufu.

Msiponijibu, nitaandika tena, na safari hiyo sitakuwa mpole kama leo.

Nifikishie salamu zangu kwa mwandishi wa pishi, ambaye simchukii, nampenda kama Mkristo anavyopaswa. Kwa mpiga picha aliyewafanya wale wadudu wapendeze. Kwa aliyekula wale wa kwenye picha, maana najua kuna mtu aliwala. Kwa mpiga chapa, ambaye nilimshuku bure juu ya ngeli. Na kwa Wagiriki wote, ambao sina ugomvi nao ana kwa ana. Padre anakusalimu. Adhieu anakusalimu kutoka Kakuma na anasema mkitaka kamba mmwambie mapema.

Nabaki mimi, msomaji wako kwa njia ya mandazi, mwenye hasira na heshima kwa kiwango kilicho sawa,

Namuria Epuyo

Nyongeza: Barua hii sijaituma. Leo ni Ijumaa. Epuyo alikwenda Namoruputh Jumanne kukaa na kaka yake, na mtandao huko umekatika tangu siku hiyo hiyo. Siku nne sasa. Hakuna anayeuliza nimetoka wapi. Mchuzi naupika, hakuna anayeuonja, wala hakuna anayeimba vibaya. Nimepata ile amani yote niliyoidai, nami siwezi kuivumilia hata hadi Jumapili. Nakuomba sana, Mhariri: usifunge ukurasa. Chapisha pweza, chapisha ngisi, chochote chenye bahari ndani yake na ambacho mtu hawezi kukipika Namoruputh bila kurudi kwanza nyumbani kuchukua sufuria. Gazeti la wiki hii nitalinunua siku ile ile litakapofika, na sitafungia kitu.